Ubomoaji wa maghorofa usiachiwe wauza nondo



Nataka kuzungumzia jengo la ghorofa tatu linalobomolewa mtaani kwetu, Kariakoo. Jengo ni chakavu na mwenyewe ana haki ya kujenga jipya. Tunacholalamikia majirani ni namna linavyobomolewa.

Tulipouliza kazi imepewa kampuni gani, tukaambiwa hakuna kampuni. Kuna mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyeelewana na mwenye jengo kwamba hatalipwa hata senti. Ujira wake ni nondo, mbao, milango na madirisha atakayoyatoa. Mapatano haya yameshazoeleka mjini, na mimi naona hatari yote inaanzia hapo. Anayelipwa kwa vyuma hukimbilia kinachouzika, na kinachouzika ndicho kilichoshikilia jengo. Vijana wake wamepasua sakafu za zege za vyumba vya kati kwa nyundo kufuata nondo. Ukuta wa nje, upande wa uchochoro, umebaki peke yake na urefu wa ghorofa mbili, hauna sakafu wala mwega. Kifusi chote wamekirundika juu ya sakafu ya chini, ambayo haikujengwa kubeba mzigo huo.

Juni 5, 2013, mjini Philadelphia, Marekani, ukuta wa jengo lililokuwa likibomolewa uliangukia duka la mitumba la jirani, wateja wakiwa ndani. Watu sita walikufa siku hiyo na wa saba alifariki baadaye. Ilibainika kwamba mkandarasi alitangulia kutoa boriti na sakafu za ndani, mbao zikauzwa, ukuta ukaachwa bila kitu cha kuushika. Alifungwa jela. Sisi hatuhitaji kwenda mbali: Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaagiza majengo ya eneo hili yakaguliwe. Vizuri. Lakini jengo likishakutwa bovu, mara nyingi dawa yake ni kubomolewa, na kama ni kubomolewa kwa mtindo huu, tutakuwa tumehamisha maafa tu.

Kazi ya kubomoa ina utaratibu wake. Mhandisi hulikagua jengo kwanza, ajue ukuta upi umebeba nini. Umeme na maji hukatwa. Eneo huzungushiwa uzio, kisha kazi huanzia juu kushuka chini, ghorofa moja baada ya nyingine, ukuta ukiteremshwa pamoja na sakafu yake. Kifusi huteremshwa kwa bomba na kumwagiwa maji.

Kwetu hakuna hata mabati ya uzio. Paa lilikuwa na yale mabamba meupe ya zamani ya asbesto, ambayo hulowanishwa, hutolewa mazima na kufungwa kwenye nailoni. Vijana waliyavunja kwa nyundo na kuyatupa chini, vumbi likatua kwenye masufuria ya mama lishe. Nyuzi za asbesto zikiingia mapafuni, ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Nani atakumbuka jengo hili wakati huo?

Tulikwenda ofisi inayohusika, tukajibiwa kibali kipo. Tulipoomba kukiona, tulionyeshwa kibali cha kujenga jengo jipya! Kwa upande wa vijana wanaobomoa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Mwenye jengo anasema vijana si wake, na muuza vyuma anasema ni vibarua tu. Vijana wenyewe wanapanda na kandambili.

Tunaomba kibali cha kubomoa kisitolewe bila mpango uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na jina lake na simu yake vibandikwe mbele ya eneo la kazi. Gharama ya kubomoa ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama ya kujenga, si jambo la kulipwa kwa nondo.

Hayo ni ya baadaye. Kwa jengo hili, kazi isimame leo, ukuta ule uwekewe mwega na uchochoro ufungwe. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na watoto wa mitaa miwili wanapita hapo asubuhi na jioni.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam