Mpelelezi Aliyekosea: Hadithi ya Kusomwa na Kila Anayetibu Homa

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wana mjadala wao usiokwisha: katika visa vyote vya Sherlock Holmes, mpelelezi wa London wa zama za Malkia Victoria, ni kipi kinachovipita vingine? Mjadala huo unatuhusu sisi wahudumu wa afya kuliko inavyodhaniwa. Aliyemtunga Holmes, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari aliyehitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1881. Tabia za mpelelezi wake alizichota kwa mwalimu wake, Dkt. Joseph Bell, aliyesifika kwa kutambua kazi ya mgonjwa na mahali alikotoka kabla mgonjwa mwenyewe hajafungua kinywa. Hata msimulizi wa visa hivyo, Watson, ni daktari, tena aliyenusurika kufa kwa homa ya matumbo alipokuwa jeshini. Kwa hiyo si ajabu kwamba Holmes anapozungumza, sauti ya wodini inasikika.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nimetibu homa Tabora kwa miaka kadhaa, na chaguo langu si la wengi. Nachagua "Uso wa Manjano", kisa ambacho Holmes anakosea tangu mwanzo hadi mwisho. Kulitetea chaguo hilo kutanilazimu kuipita njia ya zamani ya misafara, kwa kuwa iko homa katika njia hiyo ambayo imewapotosha wataalamu kwa muda mrefu, na ingali ikiwapotosha.

Visa vinavyopendwa na wengi

Mwaka 1927 Conan Doyle mwenyewe alitaja visa 12 alivyovipenda zaidi, na cha kwanza kikawa "Utepe wa Madoadoa" cha mwaka 1892. Humo muuaji ni daktari, Grimesby Roylott, anayemtuma nyoka mwenye sumu ateremke kwa kamba hadi kitandani kwa binti wa marehemu mkewe, kisha humwita kwa mluzi na kumtuza maziwa. Kisa kinasisimua, lakini tabibu yeyote aliyewahi kumhudumia mtu aliyeumwa na nyoka huko Sikonge au Urambo atatabasamu. Nyoka hafundishiki kwa mluzi, na maziwa si chakula chake.

Wengine wanakisifu kisa cha Silver Blaze, farasi wa mashindano aliyeibwa usiku. Holmes anamng'amua mhusika kwa sababu mbwa wa zizi hakubweka. Aliyeingia alikuwa mtu anayemfahamu. Hapa tunafundishwa jambo la maana, kwamba kisichotokea nacho ni dalili. Hata hivyo, katika visa vyote viwili Holmes anapatia, na msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba akili kali ikipewa dalili chache haiwezi kukosea. Imani hiyo inafaa kwa burudani. Kwa mtu anayeshika kalamu kuandika dawa, ni hatari.

Neno moja la kunong'onezwa

"Uso wa Manjano" kilichapishwa London mwezi Februari 1893. Mwezi mmoja kabla ya hapo, hapa Tabora, Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake asije akatiwa mikononi mwa Wajerumani. Nautaja mwezi huo ili msomaji azipime zama zenyewe, na apime pia uzito wa mwisho wa hadithi.

Mfanyabiashara Grant Munro anamjia Holmes akiwa na mashaka juu ya mkewe, Effie. Effie aliwahi kuolewa Atlanta, Marekani, na mume huyo alifariki kwa homa ya manjano. Sasa anatoka kwa siri kwenda katika nyumba ndogo ya jirani, huko Norbury, na dirishani mwa nyumba hiyo Munro ameuona uso wa manjano usioonyesha uhai. Holmes, bila kunyanyuka kitini, anakata shauri: mume wa kwanza hakufa, amejificha katika nyumba ile, naye anamtoza mwanamke yule fedha kwa vitisho. Nadharia inapangika vizuri na kila dalili inapata mahali pa kukaa.

Wanapoingia ndani, wanamkuta mtoto mdogo wa kike aliyevishwa kinyago. Kinapovuliwa, uso wake ni mweusi. Ni binti wa Effie kwa mume wake wa kwanza, mwanasheria mwenye asili ya Kiafrika, ambaye kweli alikwisha kufa. Mama alimficha mtoto kwa kuogopa kuupoteza upendo wa mume wa pili. Munro anakaa kimya kirefu, kisha anamnyanyua mtoto, anambusu, anamshika mkewe, na wote wanarudi nyumbani. Usiku huo Holmes anamwomba Watson kwamba siku yoyote atakapomwona anajiamini kupita kiasi, au anafanya kazi kwa uvivu, amnong'oneze sikioni neno moja tu: Norbury.

Wapo watakaouliza kwa nini niende mbali ilhali tunaye Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Swali ni la haki. Muhammed Said Abdulla, aliyemtunga, alikuwa mwenzetu: kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar. Naye pia, baada ya Bwana Msa kufumbua mafumbo tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, alikipa kitabu cha mwaka 1984 jina la *Kosa la Bwana Msa*. Watunzi hawa wawili, mmoja daktari na mwingine mkaguzi wa afya, waliona kwamba mpelelezi asiyekosea hajakamilika.

Homa ya vibanda vya wapagazi

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, ikaendelea Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Maniema. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilala katika makambi yaleyale na vibanda vilevile, msafara baada ya msafara. Burton na Speke walifika Tabora, wakati huo wakiiita Kazeh, mwezi Novemba 1857, wakiwa wamedhoofishwa na maradhi ya safari. Livingstone, ambaye alikuwa daktari, alikaa Kwihara, karibu na mji, hadi Agosti 1872. Katika maandishi ya wasafiri wa njia hii neno homa linajirudia mno. Lakini homa ilikuwa moja?

Haikuwa moja. Livingstone mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alikuwa ameeleza juu ya papasi wanaouma usiku na maradhi yanayofuata. Uthibitisho ulikuja karibu nusu karne baadaye. Mwaka 1904 Ross na Milne, wakiwa Uganda, walionyesha uhusiano wa papasi na homa inayorudiarudia. Wakati huohuo Dutton na Todd, waliotumwa Kongo na chuo cha tiba cha Liverpool, walifikia matokeo hayohayo, na wote wawili wakaugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Dutton alifia Kasongo mwezi Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 28, mwishoni mwa njia hii ninayoizungumzia. Bakteria wa homa hiyo leo anaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake.

Mwaka huohuo wa 1905 Robert Koch alikuwa katika koloni la Wajerumani, ambalo ndilo Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi. Aliwachunguza papasi waliokusanywa katika vibanda vya mapumziko vya njia za misafara, akawaona bakteria hata ndani ya mayai yao, na akashauri wasafiri wasilale katika vibanda hivyo.

Koch na Conan Doyle walikuwa wamekwisha kupishana zamani. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na madaktari wa Ulaya wakamiminika Berlin. Conan Doyle alikuwa mmoja wao, na mwezi Novemba aliandika gazetini akiwaonya watu wasifanye haraka ya kushangilia. Muda ulithibitisha onyo lake: tuberkulini haikuponya, ikabaki kuwa kipimo. Bingwa aliyegundua bakteria wa kifua kikuu alikuwa ametangulia mbele ya ushahidi wake. Miaka 15 baadaye, katika udongo wa vibanda vya wapagazi, mtu huyohuyo aliufuata ushahidi hatua kwa hatua. Ujuzi wake ulikuwa uleule. Subira ndiyo iliyozidi.

Malaria, taifodi na UTI

Sasa tuje katika vyumba vyetu vya kutibia. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya malaria nchini, na hakuna anayepaswa kuchelewa kumpima malaria mtu mwenye homa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka kimetusaidia sana. Ila tukumbuke kinachofanya: kinatafuta protini za kimelea cha malaria, basi. Kikisema hapana, kimejibu swali moja. Hata kikisema ndiyo, huenda kinaonyesha mabaki ya malaria iliyotibiwa wiki chache zilizopita, na mgonjwa anaweza kuwa na maradhi mawili kwa pamoja.

Mtaalamu wa maabara aliyetazama damu nzito kwa hadubini aliweza kukutana na kitu ambacho hakutumwa kukitafuta. Bakteria wa homa ya papasi huonekana hapo, kama uzi uliojisokota, hasa mgonjwa anapokuwa na homa kali. Kipimo cha haraka hakiwezi kumwona kamwe. Kadiri hadubini inavyokaa kabatini, ndivyo homa hii inavyopotea katika takwimu zetu bila kupotea katika nyumba za udongo.

Tena homa hii ina hila. Humshika mtu kwa siku chache, kisha hushuka yenyewe, na baada ya takriban wiki moja hurudi, kwa sababu bakteria hubadili protini za nje ya mwili wake na kinga ya mgonjwa haimtambui tena. Naye ana kinyago chake. Mgonjwa aliyenunua dawa mseto dukani ataona homa imeshuka na ataamini dawa imemponya. Ikirudi, ataambiwa ana malaria sugu, au kipimo kikikataa ataambiwa ni taifodi, au UTI. Maneno hayo matatu yamekuwa kiti ambacho Holmes hakunyanyuka: kila homa inapata jina, dalili zote zinapangika, na hakuna aliyekwenda Norbury kufungua mlango.

Wanaolipa gharama ya uvivu huo ni wengi, lakini wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wachanga. Homa ya papasi katika ujauzito huweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati, au kumuua mtoto baada ya kuzaliwa. Inasikitisha zaidi kwa kuwa dawa zake ni za kawaida, zikiwamo penisilini na tetrasaiklini, ingawa tetrasaiklini haiwafai wajawazito. Zitolewe chini ya uangalizi, maana katika saa za mwanzo za matibabu mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, hasa matabibu na wauguzi wa zahanati zilizo mbali na mji: kipimo cha malaria kikisema hapana, msikimbilie jina jingine la haraka. Ulizeni kama homa imewahi kushuka na kurudi. Ulizeni mgonjwa alilala wapi wiki mbili zilizopita, na kama ni nyumba ya sakafu ya udongo. Ombeni damu itazamwe kwa hadubini homa ikiwa juu. Na mganga mfawidhi amruhusu muuguzi mdogo kabisa kusema mbele ya wote kwamba jina tulilompa mgonjwa huyu halimfai. Holmes alikuwa na Watson wa kumnong'oneza. Wengi wetu tunaye Watson, ila tumemzoesha kunyamaza.

Nanyi mnaokuja kutibiwa, msitufiche. Effie alificha kwa kuogopa kudharauliwa, na wagonjwa wengi huficha dawa walizonunua dukani, mitishamba waliyokunywa, au hali ya nyumba wanamolala, kwa hofu hiyohiyo. Tuambieni yote, na mkisikia tunatoa jibu kabla hatujauliza swali, tukumbusheni. Nyumbani, zibeni nyufa za sakafu na kuta, maana papasi huishi humo na anaweza kukaa miaka bila kula. Msilale chini mkiweza kuepuka, na lalieni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Wanaokipenda "Utepe wa Madoadoa" waendelee kukipenda. Ni burudani halali. Mimi nabaki na kisa ambacho mwandishi wake mwenyewe hakukiweka katika orodha yake ya 12. Homa ikirudi kwa mara ya pili, ndicho kitakachomnyanyua daktari kitini aende kuuliza upya.