Neno la Mhariri: Chupa Peke Yake Haitoshi

Akiwa Ziwa Mweru, mvuvi wa Nchelenge, Zambia, haoni shimo la mgodi. Maji anayovulia, hata hivyo, yametoka mbali. Mto Kafubu hukusanya maji ya eneo la migodi la Kipushi na Lubumbashi, nchini Kongo, kisha huyamwaga katika mto Luapula, na Luapula ndio mlishaji mkuu wa Mweru. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuna Dikulushi, mgodi wa shaba na fedha ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Shehena yake ilivushwa kwa pantoni kutoka Kilwa (ya Katanga, si ile ya pwani) hadi Nchelenge, ikapakiwa kwenye malori. Shaba hiyo ilipimwa kwa tani, maana ina bei. Ile inayosafiri ndani ya maji nayo inastahili mizani.

Toleo hili linahusu upimaji wa maji karibu na migodi, nami nina ugomvi mmoja na ripoti zinazojaza majedwali ya kemikali bila kutaja mto ulikuwa unapitisha maji kiasi gani siku hiyo. Chukua kijito cha mfano. Kiangazi kinapitisha lita 100 kwa sekunde, zenye miligramu 0.5 za shaba kwa lita: kwa siku, kilo 4 na ushei. Masika kinapitisha lita 2,000, na shaba imeshuka hadi miligramu 0.1: kwa siku, kilo 17 na zaidi. Chupa ya sampuli ya masika inaonekana safi mara tano, kumbe ziwa limepokea mzigo mara nne. Zote mbili zinafaulu kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maji ya kunywa, miligramu 2. Lakini matamvua ya samaki huumia kwa shaba kidogo kuliko hiyo, na sehemu ya mzigo hutua kwenye tope, mahali ambapo chupa haifiki.

Kujua mtiririko hakuhitaji maajabu: ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa ukingoni, mtu wa kuusoma kila siku, na vipimo vya kasi ya maji vya misimu tofauti ili kina kigeuzwe kuwa ujazo. Faida yake huonekana siku ya balaa. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi la kampuni ya Sino-Metals huko Chambishi, Zambia, lilipasuka, na tindikali ikaingia mto Mwambashi hadi Kafue. Mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Anayejua kasi ya mto anaweza kukadiria sumu itafika lini penye mitambo ya maji, akafunga mapema.

Luapula wenyewe huchelewa kujaa, kwa kuwa vinamasi vya Bangweulu hushikilia maji. Vijito vya migodini havisubiri. Hufurika palepale mvua inyeshapo, na sampuli moja kwa robo mwaka huweza kuikosa gharika nzima. Mvua hizo huangukia zaidi Desemba hadi Februari, miezi ambayo uvuvi hufungwa upande wa Zambia na vijana wa mitumbwi wako nchi kavu. Mamlaka ya maji ya Zambia, WARMA, iwalipe wasome mbao hizo. Takwimu zibandikwe sokoni Kashikishi kwa Kibemba, na zivuke hadi Kilwa kwa Kiswahili. Wenzetu wa Katanga nao walete za Kafubu, siku ileile, kabla maji yenyewe hayajafika.