Shina Moja Lisichumwe

Wakazi wenzangu wa Kangemi, Uthiru, Kinoo na Kawangware, nina ombi dogo.

Jioni ukipita soko la Kangemi utamkuta mama mboga kwenye kigoda akichambua saga, vidole vimeingia weusi. Tunanunua fungu, tunalalamikia uchungu wake, tunaipika na maziwa ilainike. Lakini ni wangapi tumewahi kuiona ikiwa ardhini? Mimi niliiona nikiwa mtu mzima, nyuma ya ploti yetu, kwa jirani aliyetoka Kisii. Kwao ni chinsaga, kwa Wajaluo dek, na vitabu vya Kiswahili huiita mgagani. Majani yake hukaa matano matano kama vidole vya kiganja, hata mpangaji mmoja akamnong'oneza mwenye ploti kwamba kuna mtu anapanda bangi.

Jirani huyo alinipa maganda ya mbegu, mabichi bado. Nikayapasua, nikasia mbegu siku iyo hiyo. Haikuota hata moja. "Wewe naye," akacheka, "mbegu ya saga hulala kwanza!" Kumbe kweli: mbegu mpya huwa na usingizi wake, hukaa pakavu miezi kadhaa ndipo iamke. Safari ya pili nilizichanganya na mchanga, maana ni ndogo mno kusia peke yake, nikazifukia juu juu. Wiki haikuisha zikachipuka.

Kuvuna nako kuna ufundi. Miche iliyosongamana hung'olewa mapema na kupikwa. Inayobaki, baada ya wiki nne au tano, hukatwa kilele ili itoe matawi pembeni, nawe unarudi kuchuma tena na tena. Ua likichungulia, linyofoe. Saga ikishachanua, majani hupungua.

Sasa ombi lenyewe: kila anayepanda aache shina moja lichanue. Maganda yakigeuka manjano yakate, uyaanike juu ya gazeti. Ukichelewa hupasuka yenyewe na mbegu zikatawanyika. Kisha mgawie jirani. Gunia la udongo na samadi linatosha, mradi lipate jua. Limwagilie maji ya mvua au ya kuoshea mboga. Ya mtoni hapana, tunajua yanapitia wapi.

Si sisi tu tunaoithamini saga na wenzake: Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametafiti mboga zetu za kienyeji miaka mingi, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuenzi vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora. Nilifurahi. Ila watoto wa ploti yetu walifurahi zaidi kunyofoa maua, wakashindana nani atanyofoa mengi, na ilibidi nifunge kitambaa chekundu kwenye shina moja ili walikwepe.

Mbegu za shina hilo zimo kwenye kopo la majani chai jikoni kwangu. Zimelala. Mvua za vuli zikikaribia, jirani yeyote aje na karatasi, nitampimia kijiko.