Mwache Afume

Mwezi huu naanza na barua ya kaka mmoja wa hapa hapa Dar. Ana miaka mitatu ndani ya ndoa, kazi nzuri, mke wanayependana, na lalamiko moja tu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mkewe anabeba mkoba wa nyuzi kwenda kwa shosti wake Tabata, wanakaa watano sita wanafuma vitambaa mpaka jioni. Kaka anasema angeelewa kama wangekuwa wanauza. Hawauzi. Halafu vitambaa vyenyewe vinarudi nyumbani na kutandikwa juu ya makochi ya ngozi ambayo bado anayalipia mkopo, na sebule, kwa maneno yake, imekuwa kama ya bibi. Anataka nimshauri mkewe aache, au basi angalau afanye biashara.

Kaka yangu, umegonga mlango wa mtu asiye upande wako. Mimi nimeolewa Kasulu.

Kule nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, ukikaribishwa sebuleni kwa mtu mzima kitu cha kwanza kukupokea ni vitambaa. Mgongoni mwa kochi, kwenye mikono ya kochi, juu ya meza, juu ya redio. (Televisheni hizi bapa zimeleta mtihani, hakuna pa kukilaza.) Wengi wetu tulipewa seti nzima kwenye kicheni pati, tukaifungia kwenye begi, kwa sababu mjini kitambaa cha kochi kimekuwa alama ya ushamba. Jamani! Uingereza, karne ya 19, wanaume walijipaka mafuta ya nywele yaliyoitwa Macassar, na wake zao wakaanza kutandika vitambaa kwenye migongo ya viti ili visichafuke. Kwa Kiingereza vitambaa hivyo vilipata jina kutokana na mafuta hayo. Kwa hiyo kaka, ukiangalia historia, kitambaa kiliwekwa pale kulinda kochi dhidi ya kichwa chako.

Mama mkwe wangu na wenzake hukutana barazani kwake mara mbili kwa wiki. Kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, wanafika mpaka wanane. Vifaa ni uzi wa pamba na sindano ya kroshia, kile chuma chembamba chenye kindoano nchani. Unaanza na mnyororo mfupi, unaufunga uwe pete, halafu unazunguka, na kila mzunguko una hesabu yake. Hesabu ikipungua, kitambaa kinajikunja kama bakuli. Ikizidi, kinafanya mawimbi, hakilali mezani. Na ukigundua umekosea, hakuna kuziba kiraka: unavuta uzi, kinafumuka, unarudi ulikokosea. Kikikamilika kinafuliwa, kinachovywa kwenye wanga au maji ya sukari, kinatandazwa na kuvutwa kila ncha mpaka kikauke kikiwa kimesimama. Mashine za viwandani zinatengeneza lesi tangu miaka 200 iliyopita, lakini kroshia halisi bado inategemea mkono wa mtu. Hata hicho unachokiona dukani kwa bei ya kutupa, kama kweli ni kroshia, kuna mtu alikaa akahesabu.

Wengi wa akina mama wale walijifunza shuleni kwenye sayansi kimu, au kwa masista, au kwa shangazi. Kasulu na Kibondo kila mahali pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, vile vyuo vilivyoanza nchini mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, ambako ushonaji umefundishwa kwa vizazi.

Sasa tuje kwenye biashara, maana hapo ndipo kaka anapotaka tufike. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja mwenye nia njema aliwashauri wasajili kikundi. Si unajua, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Akina mama wakaona hata kabla ya mkopo wajaribu mikono. Wakapata oda ya seti tatu za makochi, wakapokea kianzio, wakagawana vipande.

Mikono haifanani. Kuna mwenye mkono mgumu, anakaza uzi mpaka sindano inalia, na kuna mwenye mkono laini. Uzi uleule, sindano ileile, hesabu ileile, lakini kipande cha huyu kinampita cha yule vidole viwili. Mteja alipovipanga kwenye kochi akakataa. Wakafumua, wakarudia, safari hii mwenye mkono mgumu akipewa sindano nene zaidi, akachukulia kama tusi. Lawama zikaanza. Mama mkwe anasema siku hizo baraza lilikuwa kimya kabisa, kila mtu anahesabu na kuangalia tarehe. Mmoja akaacha kuja masika nzima. Mwishowe wakarudisha kianzio, wakakubaliana hakuna tena oda, na yule mwenzao akarudi na chupa ya chai kama vile hakuna kilichotokea.

Sipingi kuuza. Ayalandi, njaa ya viazi ilipopiga kuanzia mwaka 1845, wasichana wengi walifundishwa kroshia na masista, na kazi zao zikauzwa nje na kulisha familia. Anayehitaji hela afume auze, na alipwe vizuri. Ninachopinga ni hii tabia yetu ya siku hizi: mtu akishika kitu chochote anachokipenda, swali la kwanza ni unauzaje. Mtu akioka keki ya watoto wake, unauzaje? Akisuka nywele za mdogo wake, unauzaje? Wanaume wakikaa kwenye bao au mpira kutwa nzima, mbona hatuwaulizi?

Tena kuna jambo ambalo kaka halioni akiwa Dar na rimoti mkononi. Macho yakiwa kwenye uzi, mdomo unafunguka. Maneno ambayo huwezi kumwambia mtu mkitazamana, unayasema ukiwa unahesabu mzunguko wa saba, na anayekusikiliza naye hakuangalii. Kwenye baraza lile ndipo mama mkwe aliposema kwa mara ya kwanza kwamba ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa nao miezi minne. Mume wangu ni kifungua mimba wake, anapiga simu kila Jumapili, hakuwahi kuusikia. Wenzake hawakuweka sindano chini wala kupiga kelele. Mmoja akauliza tu unauma? Wiki ileile wawili wakampeleka hospitali, wakamsubiri, wakarudi tena kufuata majibu. Haukuwa saratani. Sisi Dar tulipigiwa simu mambo yote yakiwa yamekwisha, na siyo siri, mume wangu alinuna kidogo kwa kupitwa, halafu akaenda kununua uzi wa katoni nzima.

Wifi yangu yuko Kibondo, karibu na Nduta. Warundi walipoingia kwa wingi mwaka 2015 na kambi ile kufunguliwa tena, alifahamiana na dada mmoja sokoni, kwenye soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji. Kiha na Kirundi ni ndugu, hawakuhitaji mkalimani. Dada akamfundisha ua la mananasi, mzunguko kwa mzunguko, kila siku ya soko. Mwaka 2019 masoko yale yakafungwa. Baadaye akasikia kwamba mwenzake amerudi Burundi. Kitambaa kimeishia mzunguko wa 11. Fundi yeyote anaweza kutazama nanasi la mtu mwingine, akahesabu na kulimaliza, na wifi ni fundi. Nilimuuliza kwa nini halimalizi, akanijibu kwamba siku akipata wa kumpelekea salamu Burundi, hicho kitambaa ndicho barua.

Kwa hiyo kaka, Jumamosi ni ya mkeo. Wewe kapike, au nenda kwenye mpira wako. Kwenye ngozi hapo mnaweza kuelewana: migongo ya makochi ibaki wazi, meza iwe yake, mwambie kwa heshima, siyo kwa neno bibi. Na kama ungependa kujifunza, hakuna aliyekukataza. Zanzibar na Lamu wanaume wanashona kofia kwa mkono, kofia moja wiki kadhaa, na hakuna anayewacheka.

Ukitaka kumfurahisha, mpelekee uzi. Wa pamba, usiwe wa sufu, na usome karatasi iliyouzunguka: pale pana namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Nunua mabunda yote yenye namba moja siku hiyohiyo, kwa sababu ukirudi dukani wiki ijayo nyeupe haitakuwa nyeupe ileile.