Toba Iliyogusa Mfuko

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, kwenye misheni ya Kianglikana yenye hospitali. Chimbuko lake ni Kampala mwaka 1929, pale daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kufikia mwaka 1937 wajumbe wa uamsho walikuwa wamekwisha kuhubiri Kenya, na Tanganyika uamsho uliingia kupitia Bukoba. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole. Kiswahili kikapokea jina hilo: walokole, watu waliookoka.

Alama yao kubwa ilikuwa kurudisha. Aliyetubu hakuishia kulia ibadani. Alikibeba alichoiba, akakipeleka kwa mwenyewe, akalitaja kosa kwa kinywa chake. Aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa serikalini, hata kama hakuna karani aliyekuwa akimdai. Kielelezo chao kilikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kuwalipa mara nne wote aliowadhulumu. Desturi hiyo ndiyo urithi wao wenye thamani kuliko yote, kwa sababu ni rahisi kumwomba Mungu msamaha chumbani kuliko kusimama mbele ya mwenye duka na kumwambia, “Mwizi wa siku ile ni mimi.”

Desturi ya pili waliiita kutembea nuruni. Katika ushirika, ndugu waliungama wao kwa wao: mume mbele ya mkewe, na hata mmisionari mbele ya Waafrika, jambo zito sana enzi za ukoloni. Festo Kivengere, mwalimu aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli akamfuata Mwingereza aliyekuwa akimchukia, akamwomba radhi. Ni kweli kwamba maungamo ya hadharani nyakati nyingine yaliwavunjia heshima watu wengine waliotajwa humo, na baadhi ya walokole wakawa wepesi wa kuwahukumu Wakristo wenzao. Kasoro hizo hazifuti madeni yaliyolipwa.

Kipimo kigumu kilikuja Kenya wakati wa Mau Mau, uasi dhidi ya wakoloni. Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha waasi, na wapo waliokataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kupitia uamsho huohuo, aliuawa Februari 1977 baada ya kupinga ukatili wa utawala wa Idi Amin. Kivengere alikimbia nchi, na mwaka huohuo akatoa kitabu kilichobeba msamaha katika jina lake: I Love Idi Amin.

Salamu ya “Bwana asifiwe”, waliyoieneza walokole, leo inasikika ofisini, sokoni na kwenye daladala. Kurudisha hakusikiki sana. Mwajiri anayeitikia salamu hiyo huku msichana wake wa kazi akidai mshahara wa miezi mitatu, na mfanyabiashara anayeitoa huku mzani wake umechezewa, wana malipo ya kufanya kabla ya ibada ya Jumapili ijayo.