Mboga za bio, sawa. Lakini nani alipima udongo?

Ndugu vijana wa Kolwezi, wa Manika na wa Dilala,

Kila siku tunaambiwa: ninyi wenye diploma, rudieni jembe, mgodi hautaajiri kila mtu. Hatukatai. Wengi wetu tulimaliza unive, dosie zetu zinalala ndani ya maofisi, na miaka inapita. Tena tunajua kwamba muji unaouza shaba na kobalti kwa dunia nzima unakula unga unaotoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia ikikosa mvua, kama mwaka 2024, bukari inapanda bei hapa kwetu.

Basi tulienda kuona wale walioshika jembe. Shamba liko nje ya muji, linalimwa kwa njia ya bio: hakuna mbolea ya kiwanda, hakuna dawa ya kuua wadudu. Kuna samadi ya kuku, majani yaliyoozeshwa, majivu, na mikono. Kando ya barabara kuna meza ya mbao: lenga-lenga, matembele, sombe, bilinganya, tomati zilizochumwa asubuhi ile ile. Motari wanasimama, wananunua kifungu, wanaenda. Hiyo ni kazi ya kweli, inalisha familia na inalipa masomo ya watoto.

Tukamuuliza mama anayeuza: maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na yalishapimwa? Akatujibu: « Mayi inatoka ku muto, batoto yangu. Kupima? Nani alishakuya kupima huku? »

Hapo njo kuna shida yote.

Fasi zingine, bio ni kuacha mbolea ya kiwanda na dawa. Huku kwetu haitoshi. Mtu anaweza kulima bila tone moja la dawa, na mboga yake ikanyonya kobalti, risasi ao kadmiamu kutoka udongo na maji. Ukiosha mboga, unatoa vumbi. Kile kilichoingia ndani ya jani kinabaki. Na sisi tunapenda sana majani.

Haya si maneno ya mtaani. Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliofanywa Katanga: kwa watu wazima, kobalti inaingia mwilini hasa kupitia chakula, zikiwemo mboga zinazolimwa karibu na madini, kwa watoto, vumbi nayo ina uzito mkubwa. Mwaka 2018, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven walichapisha matokeo ya Kasulo, kartie yetu ambamo watu walianza kuchimba ndani ya parseli zao. Wakaaji wake, zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa kartie ya jirani.

Kuna watakaosema: mukitangaza mambo haya mutaua biashara ya wamama. Hapana. Kinachoua biashara ni uvumi. Leo mteja anaogopa mboga zote sawasawa, nzuri na mbaya. Kipimo kitaonyesha shamba gani liko safi, na mama ataweka karatasi yake juu ya meza bila woga. Pale udongo una asidi, chokaa na mboji vinapunguza kobalti inayopanda ndani ya mmea. Pale pameharibika kabisa, mkulima apewe udongo mwingine, na mwenye kuchafua alipe. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inamtaka mwenye kuchafua alipe.

Watatuambia franga hakuna. Kodi ya Madini ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50 % kwa Leta ya Kinshasa, 25 % kwa provensi, 15 % kwa muji, komini, sekta ao shefri ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 % kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 % ni za maendeleo ya hapa hapa. Kupima udongo ni kazi ndogo mbele ya franga za namna hiyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Muji na komini zake zitenge sehemu ya redevansi kwa kupima udongo, maji na mboga za mashamba yote yanayozunguka Kolwezi, kila mwaka, kiangazi na masika.
2. Kazi hiyo ifanywe na labo isiyolipwa na kampuni ya madini.
3. Matokeo yabandikwe sokoni na komini, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha maofisi peke yake.
4. Vijana waliosoma kemia, kilimo na afya waajiriwe kuchukua sampuli. Tuko wengi, na tuko tayari.

Na sisi wenyewe? Tuendelee kununua kwa wamama wa kandokando ya barabara, na tuwaulize maji yanatoka wapi, kwa heshima, kama wana wao. Kisha lile swali tulipeleke kwa meya, kwa burgumestri na kwa wabunge wa provensi, kwa barua yenye sahihi zetu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha afya na usalama wa chakula. Mama wa lenga-lenga hakuchimba hata shimo moja. Asiachiwe deni la mgodi.

Andika jina lako kwenye barua. Mwambie na jirani.