Grafu za wanafunzi zisifie daftarini

Ni jambo la kushangaza kwamba katika nchi ambayo mwanafunzi hufundishwa kuchora grafu tangu shule ya msingi hadi anapoaga sekondari, watu wazima walio wengi huzikimbia takwimu kama wakimbiavyo siafu. Sababu yake si ngumu kuitambua. Grafu ya darasani huchorwa kwa ajili ya alama. Mwalimu hutoa jedwali la mvua ya mji ambao mwanafunzi hajapata kuuona, mwanafunzi huchonga penseli, hupiga mihimili miwili kwa rula, huunganisha nukta, na daftari hufungwa. Hakuna amwulizaye grafu ile inasema nini, wala inamfaa nani.

Nayasema haya nikiwa Kapkatet, huku ambako Kericho na Bomet hupakana na ambako maisha ya mtu hupimwa kwa kilo. Mkulima mdogo huchuma majani mabichi, huyabeba hadi kituo cha kununulia, karani huyapima, naye hurudi nyumbani na kikaratasi chenye uzito wa mavuno yake. Kila mwezi hulipwa malipo ya kwanza. Mwaka wa fedha wa kiwanda ukishafungwa mwezi Juni, huanza kungojea bonasi. Karo, mahari, ng'ombe wa maziwa na mabati ya nyumba vyote huingoja nambari hiyo moja. Nambari yenyewe hutangazwa, watu hushangilia au hununa, na mjadala huishia hapo, kwa kuwa ni wachache walio na nyenzo za kuihoji.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wakulima wetu daftari wanalo, tena lenye miaka mingi ndani yake. Kinachokosekana ni jicho la kulisoma. Ndiyo maana naona kwamba shule za eneo hili hazina budi kuanza kuchapisha takwimu za maisha ya wanafunzi wao katika tovuti za shule, kwa chati na grafu zinazoitikia mguso wa msomaji.

Pengine msomaji atauliza kuna tofauti gani kati ya grafu hiyo na ile iliyobandikwa ukutani. Grafu ya ukutani husema neno moja tu, nalo ni lile alilolichagua mchoraji. Grafu inayoitikia humruhusu msomaji kuuliza. Akigusa nukta, huona kiasi kamili na mwaka wake. Akitaka kulinganisha viwanda viwili, huficha vingine. Akishuku kwamba miaka mitatu iliyoonyeshwa imechaguliwa kwa hila, huvuta mstari urudi nyuma hadi miaka kumi. Kwa maneno mengine, mamlaka ya kuchagua huhama kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1786 Mskochi mmoja, William Playfair, alichapisha kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo badala ya safu ndefu za tarakimu. Mwaka 2006 daktari wa Sweden, Hans Rosling, ambaye hapo awali alikuwa amefanya kazi ya uganga Nacala, kaskazini ya Msumbiji, alisimama mbele ya hadhira nchini Marekani na kuonyesha mataifa ya dunia yakisogea kama mapovu kwenye skrini, mwaka baada ya mwaka, afya na uchumi vikibadilika machoni pa watu. Kati ya wawili hao ipo miaka 220, lakini nia ilikuwa moja: kumfanya asiye mtaalamu aone kwa macho yake mwenyewe.

Siku za Rosling kazi hiyo ilihitaji waandishi wa programu. Leo shule yenye tarakilishi moja na mwalimu mwenye subira inaiweza. Tovuti nyingi za shule hutengenezwa kwa WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003, na ambao tangu 2004 hukubali kuongezewa vijiprogramu viitwavyo programu-jalizi. Programu-jalizi ya chati hufanya kazi kama jembe linalotiwa mpini uliokwisha kuwapo: tovuti inabaki ile ile, ila sasa inaweza kulima. Wanafunzi huandika takwimu katika lahajedwali, safu moja ya miaka na nyingine ya kiasi. Huhifadhi faili, huipakia, huchagua aina ya mchoro, huandika majina ya mihimili, kisha huweka alama fupi katika ukurasa mahali mchoro unapotakiwa kutokea. Nyingi za programu hizo hupatikana bila malipo. Saa moja yatosha kujifunza. Kitakachochukua muhula mzima ni kuzikusanya takwimu kwa uaminifu, na hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Natoa mfano wa kwetu. Chai yetu kwa sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa, nayo huuzwa kwa dola za Kimarekani. Mkulima hulipwa kwa shilingi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Tuseme kilo moja ya chai iliuzwa kwa dola 2.50 nyakati zote mbili. Mara ya kwanza ilileta shilingi 400, mara ya pili 325. Bei mnadani haikutikisika hata kidogo, lakini shilingi 75 zilitoweka njiani. Mchoro wa dola ungeonyesha mstari ulionyooka kama ukuta. Mchoro wa shilingi ungeonyesha mteremko. Mzazi aliyepewa mchoro mmoja tu atamwita mwenye mchoro wa pili mwongo, hali wote wawili wanasema kweli. Grafu yenye kitufe cha kubadili dola kuwa shilingi ingewapatanisha kwa mguso mmoja wa kidole.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwezi Julai mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Atakayechora mstari wa bei peke yake atasema sera hiyo iliwalinda wakulima. Lakini bei ni ya kilo iliyouzwa. Kilo isiyouzwa haina bei, na kwa hiyo haina nukta kwenye mstari. Chai nyingi, hasa ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, yaani hivi vya kwetu, ilikaa maghalani Mombasa bila mnunuzi, na masharti hayo yakaja kuondolewa baadaye. Ongeza nguzo za kilo zilizobaki chini ya mstari wa bei, na hadithi inageuka yote. Mwanafunzi aliyeuona mchoro huo mara moja hatasahau kuuliza, kila anapoonyeshwa takwimu: ni kipi hakikuhesabiwa?

Naandika kwa msisitizo huu kwa sababu madhara ya kutouliza tumeyaona. Pengo la bonasi kati ya viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa na vya magharibi limekuwa chanzo cha uchungu mkubwa, na mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana kwa hasira. Hasira hiyo sina ruhusa ya kuidharau. Mtu aliyepalilia na kuchuma mwaka mzima ana haki ya kutaka maelezo. Ila katika mabishano niliyoyasikia sokoni na kwenye matatu, watu walilinganisha bei ya mnada kwa kilo ya chai iliyokwisha kusindikwa na malipo ya kilo ya majani mabichi, kana kwamba ni kitu kimoja. Huchukua takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Asiyelijua hilo atadhani ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa, na siku atakapoibiwa kweli hatajua aonyeshe wapi. Ujinga wa takwimu humsaidia mwizi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimewasikia walimu wenzangu wakipinga. Wapo wasemao kwamba mtihani bado unataka grafu ya mkono, na kwamba mashine itamfanya mwanafunzi mvivu. Nakubali kwamba mkono ufundishwe kwanza. Aliyewahi kuchagua kipimo cha mhimili kwa penseli ndiye atakayetambua mashine ikimchagulia vibaya. Nayo mashine huchagua vibaya mara nyingi. Tuseme kiwanda kimoja kimelipa shilingi 20 kwa kilo na kingine 24. Mhimili wima ukianzia sufuri, nguzo ya pili huizidi ya kwanza kwa sehemu moja ya tano. Baadhi ya programu zikiachwa zijiamulie huanzisha mhimili karibu na kiasi kidogo kabisa. Ukianzia 18, nguzo ya pili huonekana ndefu mara tatu kuliko mwenziwe. Hakuna nambari iliyodanganywa, na bado msomaji amedanganyika. Kwa hiyo penseli na tarakilishi zifundishwe pamoja, moja ikiichunga nyingine.

Wengine husema huu ni ushamba wa kupenda mapambo, na kwamba wazazi wetu husoma kwa simu ndogo na bando ya shilingi kumi. Hoja hii ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Mchoro mzito usiofunguka kwenye simu ya mzazi ni tusi kwake. Basi na uwe mwepesi, na chini yake liwekwe jedwali la kawaida lenye nambari zile zile, ili yule ambaye mchoro umegoma kwake asiondoke mikono mitupu. Jedwali hilo litamfaa pia asiyeona, ambaye simu humsomea maandishi lakini haiwezi kumsomea rangi. Mistari nayo isitofautishwe kwa wekundu na kijani pekee, maana wako wasioweza kuzitenganisha rangi hizo.

Tena tujihadhari na vitu vya kuazima. Chati nyingi za zamani, zile za Rosling zikiwamo, zilitegemea programu ya Flash. Mwisho wa mwaka 2020 wenyewe Adobe waliacha kuihudumia, na kazi za miaka mingi zikawa visanduku vitupu ila pale zilipoandikwa upya. Shule ichague programu-jalizi inayoendelea kutunzwa na watengenezaji wake, iisasishe kila toleo jipya linapotoka, kwa maana iliyosahauliwa huwa mlango wa wezi wa mitandaoni, na ihifadhi lahajedwali la asili mahali pake. Mchoro ukifa, takwimu zibaki hai. Hata serikali ina la kujifunza hapo. Julai 2011, chini ya Rais Mwai Kibaki, Kenya ilizindua tovuti ya takwimu huria na kusifiwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Kuzindua ni sherehe ya siku moja. Kulisha tovuti takwimu mpya ni kazi ya kila mwezi, na kazi hiyo haipigiwi vigelegele.

Lipo pia suala la heshima. Vikaratasi vya mizani ni mali ya mzazi. Mwanafunzi asichapishe jina la mtu wala kilo zake kwa ulimwengu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalikataza hilo, na adabu ya kijijini ililikataza zamani. Zijumlishwe familia nyingi bila majina, au zitumiwe takwimu zilizokwisha kutangazwa hadharani.

Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi atende, si akariri tu. Hapa pana kitendo kisichohitaji maabara wala ufadhili. Mwalimu wa hisabati ashike mihimili, wa jiografia alete mvua na mwinuko wa ardhi, wa biashara afafanue dola na mnada, wa Kiswahili asahihishe maelezo yaliyo chini ya mchoro, yaandikwe kwa lugha ambayo mama aliyetoka shambani ataielewa. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko jirani. Wanafunzi wake wa takwimu na tarakilishi wangepata wapi uwanja mzuri zaidi wa mazoezi?

Naam, grafu haitaongeza shilingi moja kwenye bonasi. Haitaleta mvua wala kuwashawishi wanunuzi wa Mombasa. Lakini mkutano wa wakulima ambamo kijana wa miaka kumi na saba anasimama, anaonyesha kwa simu yake miaka kumi ya malipo, na kuuliza kwa adabu kwa nini mistari miwili iliyokuwa ikienda sambamba imeachana, ni mkutano ambao hauwezi kufungwa kwa hotuba na maombi pekee. Atakayekuwa mezani mbele itambidi ajibu. Walimu wenzangu, tumewafundisha watoto hawa kuunganisha nukta kwa miaka mingi. Sasa tuwape nukta zilizo zao.